Wazungu Waliotaka Kuishi Kama Sisi

Enzi zetu, kabla kila mtoto hajazaliwa na maoni yake, walikuja kijijini kwetu upande wa Butali wamisionari wawili, mume na mke, Bwana Tomasi na Bi Greta. Nyumba ya misheni yenye bomba na madirisha ya vioo hawakuitaka. Walitaka kuishi kama sisi. Mchungaji akawaleta kwetu, kwa kuwa baba alikuwa mzee wa kanisa na hakujua kukataa mbele ya watu. Kaka yangu akatolewa kwenye kibanda chake, akaenda kulala jikoni na mbuzi, ili wageni wapate kuuonja umaskini kwa nafasi.

"Mtu ako na kitanda ya springi kwao," mama alimnong'oneza baba, "anakuja kulala kwa mkeka. Halafu mnasema huyu amesoma."

Kiswahili chao kilikuwa cha kitabuni. Asubuhi Bi Greta alisimama mlangoni na kusema, "Shikamoo mama. Je, ningeweza kukusaidia kuteka maji?" Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Matete, alimtazama kama mtu anayesomewa hukumu.

"Kuja tu," akajibu. "Mtungi haikataanga mtu."

Bi Greta alirudi na nusu mtungi, ile nusu nyingine ikiwa kwenye gauni. Bwana Tomasi naye alipalilia mahindi akiwa amevaa glavu, na jua lilipopanda kidogo tu ungemkuta kivulini na Zaburi. Jioni alituambia maisha yetu ni mazuri kwa sababu vitu vyetu ni vichache. Tulimshukuru. Mpaka siku hiyo hatukuwa tumejua kwamba ni vichache.

Lakini walikaa, hilo siwanyimi. Walikula obusuma, ugali wetu, kwa mboga ya mrenda, nao mrenda ukamteleza Bwana Tomasi ndevuni hadi kifuani. Majani ya miwa yalimchanja, hakulalamika. Bi Greta alipukuchua mahindi nasi huku akiimba nyimbo zetu, akikosea maneno yote kwa sauti nzuri sana.

Ikafika Jumapili baba akaamuru jogoo achinjwe. Vijana wa leo hawataamini, ila kwetu kuku alikuwa wa wanaume na wageni. Mama alimfuga, akamnyonyoa, akampika, kisha akala mboga. "Msichana akila ingokho haolewi," kukhu, nyanya yangu, alituonya, nasi wasichana tukaogopa hata harufu. Kuhusu Bi Greta, baba alikuwa ameshaamua kwamba kwa mambo ya kuku, yeye ni mwanamume.

Wazee wa kanisa wakaketi, sahani zikaja. Bi Greta akatazama huku na huku akimtafuta mama. "Na Mama Nanjala anakula wapi?"

"Jikoni," baba akasema.

"Anakula kuku?"

"Mboga. Anapenda sana mboga."

Bi Greta akarudisha paja la kuku sahanini. "Basi nami sitakula mpaka yeye ale." Bwana Tomasi, aliyekuwa ameshafungua kinywa, akakifunga kwa huzuni.

Baba alipiga hesabu. Mgeni akiondoka na njaa, kijiji kizima kingejua kabla jua halijatua. Mke wake mwenyewe akila kuku mbele ya wazee, kingejua mapema zaidi. Akamwita mama. Mama akaja akijifuta mikono kwa leso, nami nyuma yake. Bi Greta akamweleza habari za haki na usawa kwa Kiswahili ambacho hata mchungaji alikifuata kwa mbali. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Dada yangu, kula," akasema. "Usishinde njaa kwa sababu yangu. Hii miaka yote nimekuwanga naonja chumvi. Unafikiri chumvi inaonjwanga na macho?"

Mzee mmoja alipaliwa. Baba akauliza polepole, "Unaonjanga kiasi gani?"

"Mpaka nikuwe na hakika."

Nilingoja mbingu zianguke. Badala yake baba alicheka, akacheka mpaka akashika ubavu. "Kaa basi," akasema, "uonjee hapa." Mama akakaa kando ya Bi Greta, akala paja polepole, bila kuinamisha kichwa. Kukhu, aliyetufuata hadi mlangoni, alitema mate, akageukia ukuta; kisha akasema kwa kuwa dunia imeshaharibika, na yeye apewe bawa. Firigisi baba aliila mwenyewe. Ukombozi una mipaka.

Wageni waliondoka mvua zilipokwisha. Baadaye tulisikia Bi Greta huhadithia makanisa ya kwao jinsi alivyowakomboa akina mama. "Mwacheni," mama akasema. Lakini siku walipoagana mama alikuwa amelia ndani ya leso yake, na chumvi hiyo ya machozi hakumwonjea mtu.

Wageni wa siku hizi huja kwa gari na maji yao ya chupa, wakapigwa picha wameshika majembe yetu, wakaondoka kabla jasho halijatoka. Wanangu wa kike hula kuku watakavyo, kila mmoja chumbani kwake na simu yake, wakilalamika kwamba wa kienyeji ni mgumu. Sawa, huo ni uhuru. Mama bado yuko kule kwenye boma ambalo zamani lilikosa pa kuketi kwa wingi wa watu. Jioni mimi humpigia simu kumuuliza kama amekula.

"Nimekula," husema upesi, kisha hukata simu kabla sijauliza amekula na nani.