Gitaa Lililokatwa Pembe

Nilirudi nyumbani Kindu kwa ajili ya kuvunja matanga ya mjomba wangu, nikiwa nimejiandaa kulia. Sikuwa nimejiandaa kushtuka. Lakini nilipoingia uani kwao, mtaa wa Kasuku, hata mzigo sijautua, nililiona gitaa lake limeegemezwa ukutani juu ya mkeka: jekundu kama pilipili, linang'aa, na lina pembe mbili. Gitaa la mjomba halikuwa na pembe. Nilikuwepo siku zilipokatwa.

"Yaya, unaionaje?" akaniuliza mwanawe, kijana aliyezaliwa baada ya vita, anayeniita hivyo kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akikimbia kunipokea begi.

"Umeifanya nini?"

"Nimeirudisha vile ilikuwa mwanzo. Nilitafuta picha yake ku telefone, nikamupatia fundi achonge pembe. Alama zote za kisu tumeziba na gundi na unga ya mbao. Nyuma tu njo ilinisumbua. Rangi ilikataa, ikakuwa inabanduka kama ngozi ya nyoka. Tukakwangua, tukapiga ingine juu. Sasa imeshika."

Alitabasamu, akingoja nimsifu. Nilimpa begi tu. Wewe unayesoma, kama uliwahi kurudi nyumbani ukakuta kaburi la mtu wako limesawazishwa na kupandwa maua mazuri, utanielewa.

Ngoja nianze mwanzo.

Nilikulia kwa nyanya yangu, tuliyemwita Koko, katika nyumba iliyokuwa upande wa reli. Asubuhi niliamshwa na michi: huku sombe, yale majani ya muhogo, inatwangwa, kule sombe inatwangwa, kila ua na mapigo yake. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuteka maji na kuwapangusa majivu samaki wa kukausha kabla Koko hajawakata. Jiko lake lilikuwa kibanda cha matope chenye paa jeusi kwa moshi, na harufu yake ilikuwa mawese na samaki, mawese na samaki, hata siku ambazo hatukupika kimoja wala kingine.

Mjomba, mdogo wake mama, aliishi nasi kabla hajaoa. Alikuwa mpiga solo katika orkestra ya mtaa, na gitaa lake lilikuwa limekuja na boti kutoka Ubundu, limefungwa ndani ya godoro. Lilikuwa la aina ile ambayo hata mtu asiyejua muziki anaitambua: kiwiliwili cha mbao bapa kilichopakwa rangi nyekundu, kiuno chembamba, pembe mbili juu yake, moja ndefu kuliko mwenzake, sumaku tatu za kunasa sauti chini ya nyuzi, na shingo iliyoshikizwa kwa skurubu nne. Nyuma yake palikuwa na tundu la mstatili la springi za kutikisa nyuzi, lililotoboka mpaka mbele.

Jumapili wanamuziki walikaa uani kwa Koko wakila na kubishana. Ubishi wao mkubwa ulikuwa huu: ni kitu gani hasa kinachofanya gitaa la aina ile liwe lenyewe? Maana vitu vilikuwa haviishi kubadilishwa. Nyuzi zilikatika, wakaweka waya wa breki ya baisikeli uliofumuliwa. Kitufe cha sauti kilipotea, mjomba akachomeka kifuniko cha dawa ya meno. Mpiga ngoma alisema ni sumaku. Mjomba alisema ni shingo, kwa sababu ndiyo mkono unayoijua. Mpiga besi, mtu mrefu mwenye dharau za kuchekesha, aliwanyamazisha wote.

"Ni pembe," alisema. "Weka taa nyuma yake, uangalie kivuli ku ukuta. Ukiona pembe, unajua. Ukikosa pembe, hiyo ni mbao ya kufulia kaptula."

Walicheka. Nami nilicheka, bila kujua kwamba nitaukumbuka utani huo maisha yangu yote.

Halafu vita vikatufikia. Treni haikuja tena, boti zikafungwa, chumvi ikawa kitu cha kulambwa kwa ncha ya kidole. Wenye silaha waliingia nyumba kwa nyumba wakichukua redio, magodoro, baisikeli. Siku moja walimchukua mpiga ngoma pamoja na ngoma zake, akawapigie kambini. Hatukumwona tena. Hapo mjomba akaelewa kwamba mtu aliye na gitaa mjini ni mtu anayetafutwa.

Alilifungua mchana, juu ya meza ya Koko. Shingo aliifunga katikati ya mzigo wa miwa. Sumaku na nyaya akazisokota ndani ya kitambaa. Kiwiliwili hakikuingia popote.

"Mama, uniwekee hii," alisema. "Siku nitarudia, niikute. Bila hiyo mimi si kitu."

"Nenda. Utaikuta."

Aliondoka na miwa yake kichwani, akavuka mto kwenda Alunguli, na kutoka huko akaingia msituni njia ya Pangi. Koko alibaki na kile kibao chekundu mapajani, akikitazama kama anayetazama mtoto mgonjwa.

Watu walikuwa wakificha vitu ardhini, na wenye silaha walilijua hilo. Walimwaga maji sakafuni wakaangalia yanakozama. Walipanda darini. Walichoma mikuki ya chuma kwenye shamba la muhogo. Koko hakuchimba wala hakupanda popote. Alikwenda kwa jirani yetu, seremala wa majeneza, akarudi na msumeno. Akalilaza lile gitaa kwenye kizingiti cha jiko, akalikanyaga kwa mguu, akaanza kukata pembe.

Nilipiga kelele. Nilidhani amepata wazimu.

"Nyamaza, mutoto! Unataka barabara yote isikie?"

Pembe ya kwanza ilianguka, ikafuata ya pili. Akazitia motoni zote mbili, na rangi ikaungua kwa moshi mchungu uliotutoa machozi. Kisha akaikwangua rangi ya nyuma kwa kisu, akamimina mawese ya moto, akapaka majivu, akamimina tena. Akachukua samaki mkubwa wa kukausha, akamlaza juu yake, na kumkatakata kwa nguvu zote. Kila pigo liliingia katika mbao ya mjomba. Mimi nilikuwa nimeziba masikio.

Tangu siku hiyo gitaa lilikuwa kibao cha jikoni. Upande wa nyuma, ulio laini, ndio aliokatia samaki, ndizi, bamia na nyama ikipatikana. Akimaliza alikitundika msumarini kwa lile tundu la springi, mlangoni kabisa, mahali ambapo kila aingiaye angekigusa kwa bega.

Waliingia mara nyingi. Siku moja alikuja askari kijana na wenzake, akiwa na kuku aliyemkamata kwa mtu. Akakiona kibao. Akakitoa msumarini, akakigeuza. Upande wa mbele ulikuwa bado na vipande vya wekundu, na matundu ya sumaku.

"Mama, hii kibao iko na matundu mingi. Ya nini?"

Koko hakuinua hata kichwa. "Ya kutosha damu, ipite chini, mwanangu. Unataka damu ibakie ku nyama, ikuletee nzi?"

Yule kijana akakitazama tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Wazee muko na akili. Basi tupasulie hii kuku hapa."

Na Koko akampasua kuku juu ya gitaa la mwanawe, mbele ya watu ambao wangemuua kwa ajili ya gitaa hilo. Damu ikapita kwenye tundu la springi kama alivyosema. Walikula, wakamshukuru, wakaondoka. Koko akakiosha kibao, akakirudisha msumarini.

Njia zilipofunguka, mjomba alirudi. Hakuna aliyetangulia kutuambia. Alisimama mlangoni mwa jiko akiwa amekonda, ndevu zimemjaa, na mkononi ana shingo ya gitaa, nyeusi kwa jasho. Koko alikuwa anakata samaki. Akaondoa vipande, akakifuta kibao kwa pindo la kitenge, akampa.

Mjomba alikipokea bila kujua ni nini. Akakigeuza. Alipoona matundu ya sumaku, alikaa chini pale pale penye majivu.

"Mama. Ulikata pembe."

"Ulitaka nikate nini? Kichwa yako?"

Alimwangalia, akaangalia kibao, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Akachukua msumari, akachokoa magamba ya samaki yaliyogandamana kwenye matundu ya skurubu. Akaweka shingo mahali pake. Ilikaa kama haikuwahi kuondoka.

Hakulipaka rangi tena. Mpiga besi alipoliona kwa mara ya kwanza alikunja uso. "Njo mbao ya kufulia kaptula hii," alisema. Lakini alipolisikia alichukua besi yake, akalifuata. Watu wakalipa jina: Kibao. Kwenye arusi walipiga kelele, "Leta Kibao! Leta Kibao!" Na lilikuwa na tabia moja. Mjomba akipiga kwa muda, tumbo lake likilipasha joto, mawese ya Koko yalitoka katika mbao kama jasho. Kila shati lake lilikuwa na doa la rangi ya chungwa juu ya kitovu. Mkewe, alipokuja kuolewa, alipigana na doa hilo kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. "Nimeolewa na sufuria," alikuwa akisema.

Sasa unajua kwa nini nilishindwa kumsifu binamu yangu.

Na mimi sikuwa peke yangu. Katika orkestra ile kuna desturi: mwenzao akifa, siku ya kuvunja matanga mtoto wake hupiga wimbo wa kwanza kwa chombo cha marehemu mwenyewe. Akifanya hivyo, kiti cha baba kinakuwa chake. Kikiletwa chombo kingine, orkestra haipigi, na kiti kinakwenda kwa mtu wa nje. Binamu yangu alikuwa amejifunza nyimbo zote za baba yake kwa ajili ya siku hiyo. Ile rangi aliipaka kwa heshima, maskini. Nafikiri hakuna aliyemwambia vizuri habari ya jiko. Mjomba hakupenda kusimulia vita.

Alasiri familia ilivua nguo nyeusi na kuvaa nyeupe. Mpiga besi alifika, sasa mzee, mgongo umepinda, dharau zile zile. Akaliona gitaa.

"Hii njo nini?"

"Papa, ni gitare ya baba."

"Wapi! Gitare ya ndugu yangu ilikuwa na pembe?"

"Ilikuwa nazo mbele ya vita kufika. Nimerudisha."

"Nani alikutuma? Hii ni ya dukani. Mimi sitapiga na ya dukani."

Akakaa kitini, besi mapajani, na waya wa ampli, ile mashine ya kukuza sauti, akauacha chini, umelala kama mnyoo. Wenzake wakafanya vivyo hivyo. Binamu yangu alinitazama, macho yake yakiniomba nimtetee. Lakini nami nilikuwa naona kama mpiga besi. Nilianza kuhesabu kichwani: pembe ni mpya, rangi ni mpya, nyuzi ni za juzi, vitufe ni vya juzi, hata sumaku moja iliungua zamani ikabadilishwa. Kilichobaki cha mjomba kilikuwa wapi?

"Nitapiga peke yangu," kijana akasema.

Akapiga, amesimama juani, bila besi, bila ngoma. Alipiga wimbo mrefu wa baba yake, ule unaozunguka na kurudi. Alianza kwa woga, akakosea, akarudia. Kisha akasahau kwamba tunamwangalia. Jasho lilimtiririka, shati jeupe likamganda mwilini, naye akalikumbatia gitaa tumboni kama mjomba alivyofanya, ingawa sidhani kama alijua anamwiga. Wazee walikuwa wameinamisha vichwa.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Akalishusha gitaa.

Mama yake ndiye aliyeona kwanza. Alishika mdomo kwa mikono miwili.

Juu ya kitovu, kwenye shati jeupe, palikuwa na doa la rangi ya chungwa, pana kama kiganja, na vipande vya rangi nyekundu vimenata ndani yake. Rangi ya nyuma ilikuwa imebanduka. Chini yake mbao ilikuwa nyeusi, inang'aa kwa mafuta, na gundi ilikuwa imeanza kuachia mifereji ya kisu cha Koko.

Mpiga besi aliinuka polepole. Akamwendea kijana, akapitisha kidole gumba kwenye lile doa, akakipeleka puani. Akafumba macho.

"Samaki," alisema.

Akarudi kwenye kiti chake, akainama kwa shida, akaokota waya, akauchomeka.

Jiko la Koko halipo tena; mahali pake watu wanachajisha simu. Michi ni michache, watu wananunua sombe iliyosagwa kwa mashine. Koko alizikwa akiwa hajawahi kuhudhuria dansi hata moja ya mwanawe, alisema makelele yanamuumiza kichwa. Seremala wa majeneza, mpiga ngoma, mjomba: wote wamekwenda, na mimi nimebaki na ujuzi wa kazi zisizohitajika na mtu, kama kupangusa samaki majivu.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilipita kuaga. Mjane wa mjomba alikuwa anafua nguo nyeupe za jana, beseni limejaa povu. Nilitafuta shati lile kwenye kamba, sikuliona. Lilikuwa juu ya kiti, kavu, limekunjwa vizuri, doa likiwa juu.

"Na hii?" nikauliza.

"Acha hiyo," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye povu.