Kompyuta Aliyoiacha Hamadi

Ipo alfajiri moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa na umri kama wako, mjane wa siku chache tu, nimelala kwenye mkeka pamoja na mama mkwe wangu, Bi Tatu, hapa hapa Bagamoyo. Mume wangu Hamadi tulikuwa tumekwisha kumzika na hitima imekwisha somwa. Chumba cha mbele, alimokuwa akiwachapia watu barua zao kwa kompyuta, tulikuwa tumekifunga kwa ufunguo. Basi humo ndani, gizani, kitu kikaanza kuvuma. Mwanga wa buluu ukapenya chini ya mlango. Kisha nikamsikia Hamadi.

"Mwajuma, amka. Usijifanye hujasikia."

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani, halafu kimya.

Nilimgeukia mama mkwe, nikamkuta ameketi wima, kajifunika khanga kichwa kizima, mikono ameibana masikioni. Hata adhana ilipolia hatukuinuka mara moja.

Sisi watu wa pwani hatuna siri. Jua halijapanda, habari imeshafika soko la samaki kwamba Hamadi hajatulia kaburini. Akaletwa mwalimu, akasoma, akafukiza ubani mpaka tukakohoa sote. Kesho yake, saa ileile, mvumo, mwanga, sauti. Shemeji yangu Omari akasema chombo hicho kikatupwe baharini. Lakini mali ya marehemu haitupwi hivi hivi, ni mirathi, sharti ithaminiwe kwanza. Ndipo akamleta fundi.

Mimi nilikuwa eda, kwa hiyo nilisikiliza nyuma ya pazia. Fundi alibonyezabonyeza, akaguna, akasema, "Hakuna jini hapa. Marehemu aliitegesha saa. Ikifika, inajiwasha yenyewe na kutoa sauti aliyoirekodi."

Nikaelewa. Siku aliyokwenda Kiwangwa kuvuna mananasi, Hamadi alijua atalala huko, na alijua mkewe ni mlalaji wa kutupwa. Akanitegea sauti yake iniamshe nikaswali. Jioni haikumkuta hai. Pikipiki aliyopanda ilianguka njiani. Usiku wa msiba taa zote ziliwaka mpaka umeme ukaisha kwenye mita ya luku, kabla ya alfajiri. Omari aliponunua mwingine, baada ya hitima, sauti ile ilikuwa bado inangoja zamu yake.

Kujua sababu hakukuniondolea woga, mwanangu. Kulinifanya niupende.

"Sasa thamani yake nini?" Omari akauliza. Hamadi aliinunua Dar, mpya, imeshaunganishwa tayari, bei ya chini kuliko zote pale dukani, na alijisifu nayo mtaa mzima. Ilimeremeta kweli. Fundi akaifungua ubavu.

"Nje bibi harusi, ndani njaa," akasema. Alieleza kwamba ubongo wake si mbaya, na kumbukumbu inatosha kwa kazi ya barua. Ila mtengenezaji wa vitu rahisi akitaka kubana, hubana pale ambapo mnunuzi hatazami, na pale ni kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa mle ndani. Nilimwona kupitia upenyo wa pazia akikipimapima mkononi. "Chepesi hiki, hakina hata jina la aliyekitengeneza. Kwa umeme wetu huu wa kukatika na kurudi, siku moja kitaungua na kuondoka na vyote. Dada, niruhusu nikibadilishe. Na sauti hiyo niinakili kwenye flashi, ni kazi ya dakika chache."

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilikuwa naujua msemo huo tangu utotoni, nao haukunifaa kitu siku hiyo.

Nilikataa. Nikasema niko eda, sitaki wanaume waingie na kutoka humu ndani. Uongo mtupu! Kazi ile angeifanya barazani, asingeniona hata ukucha. Niliogopa tu. Niliamini mkono wa mgeni ukigusa mle ndani Hamadi ataondoka. Omari akaiweka kompyuta katika fungu langu, nami nikaihamishia chumbani, karibu na mkeka wetu.

Tangu hapo kila alfajiri niliamshwa na maiti. Nisemeje vinginevyo? Nikaanza kumjibu: "Nimesikia, mume wangu." Siku nyingine niliamka mapema, nikakaa gizani nikiitazama, na kabla haijawaka nilihisi yuko nyuma ya kile kioo, anavuta pumzi apate kusema. Sala yenyewe aliyotaka niiwahi ikawa inanipita, nimeketi nangoja acheke. Na mama mkwe, kila sauti ilipotoka, alijigubika khanga na kuziba masikio. Nilidhani anaogopa. Wakati mwingine nilidhani ananichukia. Sikumuuliza.

Ikaja alfajiri ya masika, mvua inapiga bati, umeme umekatika na kurudi mara kadhaa. Kompyuta ikawaka kama kawaida yake.

"Mwajuma, am..."

Kitu kikapasuka mle ndani. Chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua, na giza likarudi. Fundi alipoitwa alitikisa kichwa: diski iliyokuwa na ile sauti nayo imekwenda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, lakini ukuta huu hapakuwa na wa kuujenga.

Nililia kwa sauti, nikisema nimefiwa mara ya pili. Bi Tatu alijifunua khanga yake. Hakunikaripia kwa kelele.

"Wewe umemsikia kila siku, mwanangu," alisema. "Mimi nilikuwa naziba masikio kwa sababu nilikuwa siwezi. Nikijiambia, kifua kikipoa, nitaomba nimsikilize mwanangu mara moja tu. Fundi alipotaka kuihifadhi hiyo sauti, hukuniuliza. Ulidhani tuliyemzika ni mumeo tu."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Bi Tatu aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanipenda, akaniozesha yeye mwenyewe kwa mume mwingine. Sauti ya mwanawe hakuisikia tena.

Sasa wewe umenitumia picha ya kompyuta uliyoiona dukani, ina taa za kila rangi, unaniuliza kama bei yake ni ya haki. Nyumba njema si mlango, mwanangu, fungua uingie ndani. Mwambie muuzaji afungue ubavu, na akikataa, muage kwa adabu uondoke. Uliza kisanduku cha umeme kimetengenezwa na nani. Fedha ikipungua, acha taa, acha kioo kikubwa, lakini hapo usibane. Na ukishainunua, unachokipenda usikilaze mahali pamoja. Nakili, mpe na mwenzio nakala moja akutunzie. Zaidi ya yote, kabla hujasema kitu kina thamani gani, waulize wa nyumbani mwako wao wanakithamini vipi. Mimi niliipima kompyuta ile kwa masikio yangu peke yangu.

Mola akupe jicho la kuona ndani ya vitu, na ulimi usioona haya kuuliza. Akubakishie wazee wako uwasikilize wangali hai. Na Bi Tatu, huko aliko, namwombea awe ameshamsikia mwanawe. Amin.