Bangili ya Mama Ndani ya Swichi

Katika shamba la kahawa la mzungu mmoja kule Iyula, mashine ya kumenya ilipata umeme wa jenereta kupitia swichi kubwa yenye visu viwili vya shaba. Kuitunza ilikuwa kazi yangu. Kisu kimoja kilikuwa kimelika kwa cheche hadi kubaki chembamba, na kila nilipomwomba meneja kipya alinijibu nipige tupa. Tupa! Kitu kimekwisha, unakipiga tupa ili kiwe nini?

Msimu ule cheche zikaniunguza mkono wa kulia. Mama aliponiona nakula ugali kwa mkono wa kushoto hakuuliza mengi. Alijipaka mafuta kwenye kifundo cha mkono, akavua bangili nene ya shaba ambayo marehemu baba alimletea kutoka migodini Rhodesia. Nilikataa kuipokea. Akaniambia bangili haishiki jembe, mkono ndio unaoshika.

Mhunzi wa Isansa aliinyoosha kwa moto na nyundo, nami nikaichonga mpaka ikakaa sawasawa mahali pa kisu kilichokufa. Mashine ikamenya kahawa kutwa, swichi haikupata hata joto. Nilijisifu moyoni, nakiri.

Siku ya tatu meneja akaiona shaba mpya. Hakuuliza nimeitengenezaje, aliuliza nimeiiba wapi. Aliyeninyima ndiye huyo huyo aliyeniita mwizi! Akaagiza askari aletwe, na jela ya Mbeya wote tuliijua kwa sifa zake. Niliposema ni bangili ya mama yangu, alicheka.

Mama akaitwa kutoka kwenye mahindi yake, akaja na udongo miguuni. Alinyoosha mkono mbele ya meneja, askari na karani aliyekuwa akimtafsiria meneja. Pale bangili ilipokaa miaka yote, ngozi ilikuwa imepauka. Meneja aliushika ule mkono, akaugeuza huku na huku kama anayekagua gunia. Kisha akasema basi, kila mtu arudi kazini. Pole haikumtoka.

Mama hakuondoka. Aliitazama saa ya mkononi ya meneja, akamwambia karani kwa Kinyiha, polepole ili asikose neno: "Mwambie kisu cha pili nacho kinalika. Hicho avue yeye."

Karani alikuwa Mnyiha kama sisi. Akamgeukia meneja.

"Mama anashukuru, bwana."