Mvushaji Hakutoka Tumboni

Aliyeitoboa shuka ya mke wa Leonsi mbele ya ghala zima la watu ni mimi, sikatai, na kama kuna mtu hapa Ifakara hajaisikia habari hiyo basi ni kiziwi, ila wengi mnaichekea nusu tu, kwa hiyo leo naiandika yote, na waliohusika nawataja kwa majina.

Mguu wangu wa kushoto mnaujua. Mamba wa Kivukoni aliondoka na kisigino na vidole vitatu siku niliyokuwa nategua wavu, nikamtia kidole cha jicho ndipo akaniachia. Nilipotoka hospitali nilidhani watu watanipa pole, wakanipa jina: Nusu Mguu. Nikaliitikia miaka sita.

Kisha Mwalimu Severini (huyu ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu) akaniletea vitabu vinne vya hadithi ya mto wa majoka, vya Wazungu lakini vimetiwa Kiswahili, akasema, "Soma, ndugu yangu, humo na wewe umo." Mimi shule niliishia darasa la pili, nasoma kwa kufuata na kidole, lakini nilisoma. Katika kitabu cha pili kuna mvushaji, kiwete kama mimi, joka linammeza yeye na upondo wake wa kusukumia mtumbwi, anakaa tumboni siku tatu, halafu analichoma kutoka ndani na kutoka mzima, hata mfalme anasimama kumwamkia. Niliusoma ukurasa huo mpaka ukalegea. Nikaanza kuwasomea watu pale Kivukoni wakingoja pantoni, mwezi baada ya mwezi, na siku moja mtu wa kijiji cha Mbingu ambaye hata simjui akaniita, "Mvushaji, tusomee basi!" Wengine wakafuata. Nusu Mguu akafa, nami sikumlilia.

Mwaka juzi likaja gari la sinema, na sinema yenyewe ni ile ile ya mto wa majoka. Gari lilitakiwa kuwahi pantoni ya jioni kwenda Mahenge, kwa hiyo wakaonyesha mchana ndani ya ghala la mpunga, madirisha yamezibwa kwa magunia, na kitambaa chao kilikuwa kimeloa njiani ndipo Leonsi, karani wa ghala, akaleta shuka ya kitandani kwake. Mwenye sinema sauti ilikuwa imemkauka na picha inasema Kiingereza. Leonsi (wa pili huyo) akapaza sauti, "Mfasiri tunaye! Mvushaji anaijua yote kichwani!"

Kiingereza sijui hata salamu. Lakini hadithi naijua, nikasema haya, nafasiri. Hapo ndipo nilipokosea, mengine yote yalikuwa matokeo tu.

Mwanzo nilikwenda vizuri. Mfalme akifungua mdomo nasema maneno ya kitabuni, watu wanaitikia. Akatokea mvushaji. Nilitazamia mtu, wakaleta mlevi mwenye pua nyekundu, anajikwaa mtumbwini, watu wanacheka, na kabla sijatafuta la kusema joka likaibuka likammeza. Kikabaki kiatu kinaelea.

Ghala likanigeukia mimi.

"Tulieni," nikasema. "Hajafa. Yumo tumboni, anajiandaa."

Wakatulia. Picha ikaendelea, mwana wa mfalme anachana nywele, anaimba, anapanda farasi, anaimba tena. Mama Fidea, muuza vitumbua, akauliza kutoka mbele, "Mwanangu, bado yumo?"

"Yumo, mama."

"Na hewa anaipata wapi?"

"Kitabu hakikusema."

Kila joka lilipoinua kichwa niliwaambia sasa hivi, mtaona, nao wakasogea mbele, joka likazama, wakarudi nyuma. Mara ya nne hawakusogea. Mwishowe yule kijana wa nywele akalipiga joka mshale mmoja wa jicho, likafia ukingoni, akalikanyaga kwa kiatu kizuri, na ngoma za harusi zikaanza.

"Harusi hiyo," akasema Mama Fidea, "na mwenzao wamemwacha humo ndani?"

Watu wakaanza kupiga kelele, "Mtoe! Mtoe!" Mimi natembea na upondo mfupi badala ya fimbo, nikainuka nao nikaenda mbele, kivuli changu kimelifunika joka zima, namwonyesha mwenye sinema, "Yumo hapa! Ndani ya tumbo, hapa!" na kwenye hiyo hapa ya pili upondo ukapita kwenye shuka. Sakafuni kulikuwa na mpunga uliomwagika, mguu huu usio na kisigino ukateleza, nikaangukia shuka, kamba ikakatika, nikaviringika nayo kichwa hadi miguu, nikawa nagaagaa nikitafuta pa kutokea. Kichwa changu kikatokeza kwenye tundu lile lile nililotoboa.

"Ametoka!" akapiga kelele Leonsi. "Jamani, mvushaji katoka!"

Sijapata kusikia watu wakicheka vile. Mama Fidea alikaa chini kabisa. Hata Mwalimu Severini alikuwa anafuta machozi, nikamfuata nje nikamuuliza, "Mwalimu, wewe ulijua?" Akajibu, "Sinema ni sinema, ndugu yangu." Mwenye sinema alikuwa mkweli zaidi, alisema kwa ile sauti yake iliyokauka kwamba anadhani kipande hicho walikikata, picha ilikuwa ndefu. Mtu mzima walimkata kwa sababu ya urefu.

Shuka niliishona mwenyewe, mke wa Leonsi hakuipokea. Tangu siku hiyo naitwa Yumo. Nikipita sokoni, "Yumo!" na mwingine anaitikia, "Anajiandaa!" Nusu Mguu lilikuwa jina baya lakini walau lilikuwa la kweli.

Kufasiri sinema sirudii, hata wakileta ya Kiswahili. Vitabu ninavyo bado, na namsomea mtu mmoja, Mzee Salumu mvuvi, ambaye siku ile alikuwa mtoni na nyavu zake na hakuona chochote, na habari za mjini hazimshughulishi. Nikimwambia shikamoo ananijibu, "Marahaba, Mvushaji." Ni yeye peke yake. Ndiyo maana nikisikia tu kwamba gari la sinema limeonekana Mkula, nachukua upondo wangu nakwenda kumwambia kwamba samaki leo wako mbali sana, juu kabisa ya mto, na kwamba itatubidi tulale huko siku mbili.