Muuza Njugu wa Chumba cha Saba

Mimi ni mtu wa kushuku. Nilizaliwa hivyo, na maisha ya ploti, hivi vyumba vya kupanga vya ua mmoja, yakanizidishia. Nikisikia mtu akibisha mlangoni jioni, nazima taa kwanza, halafu nachungulia kwenye pazia.

Kwa hiyo Mrundi mmoja wa makamo alipohamia chumba cha saba, hapa Kimbo, nilimweka machoni tangu siku ya kwanza. Alikuwa anauza njugu. Asubuhi anatoka na ndoo yake, jioni anarudi, anasalimu kwa adabu na kujifungia. Adabu hiyo ndiyo iliyonisumbua. Mtu hawezi kuwa mpole hivyo bure, nikajiambia.

Wiki ya tatu, meko ya gesi ya jirani yangu, mama mmoja wa kanisa, ikaibwa mlangoni pake mchana. Tulikusanyika kwenye kamba za nguo, na kila mtu akawa profesa.

"Hiyo iko kwa damu," mama wa kanisa akasema, akitazama chumba cha saba. "Hao watu wamezaliwa nayo."

"Sio damu, ni vile wamelelewa," akasema mzee anayetunza ploti. "Huko kwao kitu ya mtu haiheshimiwi."

Kinyozi wa chumba cha kwanza akacheka. "Zii, ni kazi hakuna. Ukitembea na njugu siku mzima na bado ulale njaa, meko ya mtu utaiangalia vingine."

Nilikubaliana na wote watatu, mmoja baada ya mwingine. Walibishana vikali kuhusu sababu, lakini hakuna aliyeuliza kama kweli ni yeye. Na mimi nilipaswa kuuliza. Nilipotoka Gatuanyaga kuja kutafuta kibarua Eneo la Viwanda Thika, mikoba yetu sisi wa kutoka huko ilikuwa ikipekuliwa kwanza getini, na nilikuwa nikirudi nyumbani nimejaa hasira. Ungedhani nilijifunza kitu. Wapi!

Alhamisi moja sikuwa na zamu. Nikafua makoti yangu mawili meupe ya kazi, nikayaanika, nikaenda mkutano wa chama chetu cha kuchangiana pesa. Bila koti huingii kiwandani, na kibarua asipoingia nafasi yake inapewa mwingine. Mvua ikatukuta huko huko. Niliporudi kamba ilikuwa tupu, hata vibanio havikuwepo.

Giza lilipoanza kuingia, nikasikia mlango ukibishwa. Nikazima taa, nikachungulia. Alikuwa yeye, amenipa bega, sikuona mikono yake. Amekuja kupima kama niko, nikawaza. Akabisha tena, akangoja, akaenda zake. Nilikaa kitandani, taa ikiwa bado imezimwa.

Asubuhi alikuwa ameshatoka na ndoo yake. Nilijaribu bahati kazini bila koti, nikarudishwa getini kama nilivyojua. Nikampigia mwenye ploti, nikamwambia mwizi wetu amepatikana. Akaja na kufuli mpya, akaipiga juu ya ile ya Mrundi, akasema mtu huyo ahame leo leo.

Mrundi alirudi saa tisa, akasimama mbele ya kufuli mbili na ndoo mkononi. Ploti nzima ilikuwa nje. Mwenye ploti akafungua kufuli yake, akamwamuru naye afungue ya kwake tuone. Kitandani kulikuwa na makoti yangu mawili, makavu, yamekunjwa vizuri kuliko ninavyoyakunja mimi. Vibanio vyangu vilikuwa juu yake.

"Mvua ilianza, nikaanua," akasema. "Kwetu mvua ikikuta nguo za jirani, unaanza na zake."

Hapa ploti, kugusa kamba ya mwingine ni kutafuta vita. Mvua ikinyesha, kila mtu hukimbilia nguo zake. Hatukuwa tumemwambia, maana hatukuwa tunaongea naye.

"Na kwa nini hukuniletea?" nikamuuliza kwa ukali.

"Nilileta, mama. Nilibisha mara mbili. Taa ikazimwa."

Wote wakanigeukia. Aibu ilinichoma uso. Mwenye ploti alikuwa ananingoja niseme neno moja tu ili aondoke na kufuli yake. Lakini nikasema, "Na meko je?"

Mrundi akaniwekea makoti mikononi, akaanza kufungasha. Hakuna aliyemzuia. Nimejuta tangu siku ile, na sijui alikohamia ili nimwambie.

Chumba cha saba sasa kina mtu wa kwetu. Ploti nzima ni watu wa kwetu. Tangu Mrundi aondoke zimepotea meko mbili, na ya pili ilikuwa yangu. Tulikutana tena kwenye kamba za nguo, na mimi nikangoja kusikia habari za damu, za malezi, za kazi kukosekana.

"Ni mwizi tu," akasema mama wa kanisa, na kila mtu akarudi kwake kupika.