Bomba Kongwe la Lutjewolde

Harmannus Bolhuis alikuwa na miaka sitini na miwili, na arobaini na mitano kati ya hiyo aliimalizia ndani ya vinanda vya makanisa ya mkoa wa Groningen, akilehemu mabomba yanayotoa sauti, ya madini ya risasi na bati, na kugombana na panya. Fundi alikuwa fundi kweli. Mdomo nao alikuwa nao.

Aliyemfundisha kazi ni baba yake, Eltje, na huyo ndiye aliyeuonja mdomo huo kuliko wote. Kila walipoingia kanisa la Lutjewolde, Harmannus alipuliza bomba moja lililosemekana lina miaka mia tatu, kisha akamgeukia mzee.

"Sikia hilo, baba! Hao ndio mafundi. Lako wewe linakohoa."

Eltje alikunywa kahawa yake. Alikufa bila kujibu. Miaka kumi na mmoja baadaye mwanawe alikuwa bado anaisaka sauti ile katika kila bomba alilotengeneza, na hakuipata.

Jumanne moja ya Machi, akilisafisha bomba lile, mguu wa bomba, ile ncha ya chini ya kupulizia, ukaachia. Akamulika tochi ndani. Kulikuwa na maneno yaliyokwaruzwa kwa msumari, kwa mwandiko uliolalia kushoto, mwandiko anaoujua tangu utotoni: "La zamani lilioza. Hili nimetengeneza mimi. E. Bolhuis, 1971."

Akakaa sakafuni, bomba mapajani, macho yamemtoka. Haiwezekani! Miaka yote hiyo alikuwa akimdhihaki mzee kwa kazi ya mikono ya mzee mwenyewe!

"Vipi, umeona mzuka?" aliuliza Bi Geessien, mtunza kanisa, akimletea kahawa na keki ya tangawizi.

"Hili ni la baba."

"Najua. Mimi ndiye niliyemshikia taa, nikiwa bado msichana."

"Ulijua? Unanisikia napayuka miaka yote hii, umenyamaza tu?"

"Aliniapisha, Harm. Nilimwambia, mwambie basi mwanao. Akasema, 'Thubutu! Akijua ni langu, ataanza kusikia kasoro.'"

"Upuuzi mtupu!" alifoka Harmannus.

Bi Geessien alipoondoka, akaurudishia mguu wa bomba, akapuliza. Sauti ilikuwa ileile, nene na tulivu. Akapuliza tena, safari hii ametega sikio karibu kabisa. Mara ya tatu akashtuka kuliko aliposhtuka mwanzo. Alikuwa anatafuta kasoro.