Nilimfichua Jirani Yangu kwa Neno la Mchezo wa Simu

Nimekosa. Sina wa kumsukumia lawama, maana sentensi ile niliiandika mwenyewe, nikaisoma mara mbili kabla ya kuituma. Sasa ni saa nane mchana hapa Kindu, mtaa wa Kasuku, jua ni kali, nami nimejifungia ndani kwa komeo. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba, nachungulia kwenye ufa wa dirisha!

Shule sikumaliza. Vita vilipoingia nilikuwa kijana, madarasa yakafungwa, nikajifundisha Kifaransa kwa kamusi iliyopoteza kurasa za mwanzo. Tangu hapo nina desturi moja: neno jipya naliandika daftarini, naweka maana yake, kisha mfano wa mtu ninayemjua. Bila mtu, neno halikai kichwani mwangu.

Mwaka huu binti yangu Zaina alianza kuniletea maneno ya michezo ya simu, ile ya kupigana risasi. Siku hizi vijana wanayatumia kila mahali mtandaoni. Mtu akishinda ubishi wanamwandikia "GG", yaani mechi imekuwa nzuri. Asiyejua kitu ni "noob".

"Papa, weye njo noob wa kwanza wa Kasuku!" akanicheka.

Nikaumia kidogo, nikayasoma kwa bidii. Kila Jumapili nikawa naeleza neno moja kwenye grupu la simu la majirani wa avenyu yetu, na mfano wa jirani mmoja. Watu walipenda! Mama muuza mihogo nilimwita "boss", yule adui wa mwisho asiyeshindika, kwa kuwa hapunguzi bei. Yeye mwenyewe alicheka. Kichwa kikanivimba.

Ikafika zamu ya "respawn". Mchezaji akiuawa, anarudi uwanjani mzima, kama hakuna kilichotokea.

Hapo nikamkumbuka jirani yangu. Nitamwita Sefu, jina lake nimelibadilisha, ingawa nimechelewa kujifunza.

Wakati wa vita watu wenye silaha walimkamata awabebee mizigo, amefungwa kamba moja na mwenzake. Alfajiri moja alijinasua kwenye kamba, akaacha shati lake ukingoni mwa mto Lualaba, akajificha jikoni kwetu siku tisa. Walipokuja kuuliza, niliapa kwamba nimemwona akizama. Wakaamini. Mwenzake aliyebaki kwenye kamba wakampiga risasi kwa kumwacha aende.

Sefu aliishi miaka mingi upande wa Lubutu, kisha akarudi kwa jina jingine. Siri ilikuwa ya watu wawili, mimi na yeye. Ndugu za yule aliyeuawa walikuwa wakisema hadharani kwamba mwenye shati ana bahati mto ulimchukua kabla yao.

Nami niliandika nini? "Respawn: kama jirani yetu Sefu. Wakati wa vita alizama Lualaba, shati likabaki ukingoni. Leo anatuuzia mawese!"

Wakacheka. GG, GG, GG! Sefu hakuona, simu yake ni ya vibonye. Lakini kuna aliyeipiga picha ile sentensi akaituma kwa wengine.

Siku ya tatu walikuja wanaume watatu. Mmoja alinionyesha maneno yangu kwenye simu yake, akitabasamu.

"Papa, njo weye mwalimu wa maneno?"

"Ndiyo."

"Ule muntu wa shati iko wapi?"

"Ilikuwa mzaha tu."

"Mzaha? Na shati, uliitoa wapi? Mukubwa wangu, ndugu wa tumbo moja, alikuwa kwa ile kamba."

Ole wangu! Nilipokuwa kijana, mbele ya bunduki, nilidanganya bila kupepesa. Safari hii macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye mlango wa Sefu. Wakayafuata macho yangu.

Hakuwepo, alikuwa amevuka mto kwenda Alunguli, ng'ambo, kuchukua mawese. Walimwambia mkewe neno moja: "Tutarudi." Nikakimbia hadi mtoni, nikamkuta anashuka mtumbwini na madumu yake. Nikamweleza yote.

"Yaya, ulinificha siku ngapi?" akaniuliza. Yaya kwetu ni kaka mkubwa.

"Tisa."

"Na kuandika, ulitumia dakika ngapi?"

Aliniachia madumu, akarudi kwenye mtumbwi uleule. Sijui yuko wapi. Mkewe hunijia kila asubuhi: "Papa, iko muzima?"

Ile sentensi nimeifuta kwenye grupu. Jana ilinirudia kutoka kwa namba nisiyoijua, na chini yake swali: "Na weye, ulimuficha wapi?"

Ninyi mnaosoma, yatumieni maneno ya watoto, mcheke. Lakini msitie jina la mtu kabla ya kwenda mlangoni kwake kumuuliza. Kutoka kwangu hadi kwa Sefu ni hatua ishirini. Sikuzitembea!